Namna ya Kutazama Fainali Kuu ya Futiboli ya Australia: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, mwaka ambao kalenda haikuvurugwa, watu wapatao laki moja hujaa kwenye uwanja wa MCG jijini Melbourne kushuhudia mechi moja inayomtoa bingwa wa AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia. Hakuna nyumbani na ugenini hapa. Timu iliyoongoza ligi msimu mzima inaweza kuteleza mchana huo mmoja ikarudi nyumbani mikono mitupu, na kombe likabebwa na timu iliyomaliza ya tano.

Anayeiona kwa mara ya kwanza huona fujo tupu. Wachezaji 36 kwenye uwanja wa duara dufu, mpira wenye umbo la yai, watu wanarukiana mabegani, na kule mwisho amesimama mwamuzi anayepunga bendera. Baada ya robo saa mtu huzima akarudi kwenye Ligi ya Uingereza. Nakuomba usizime. Purukushani hizi zinasomeka, na kinachozifanya zisomeke zaidi ya kitu kingine chochote ni ubao wa matokeo. Ukiujua ubao huo, nusu ya kazi umemaliza.

Hatua ya 1: Panga saa na mahali pa kuangalia

Kwa kawaida mpira huanza saa 8:30 mchana kwa saa za Melbourne. Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa na Kampala hiyo ni saa 1:30 asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo. Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ni saa 12:30 asubuhi. Muscat na Dubai ni saa 2:30 asubuhi, London saa 11:30 alfajiri, na aliyeko New York au Toronto itambidi akeshe siku ya Ijumaa, maana kwake ni saa 6:30 usiku.

Usiweke kengele kwa mazoea, hata hivyo. Fainali ya 2020 ilihamishiwa Brisbane kwa sababu ya korona ikachezwa usiku, ya 2021 ilichezwa Perth ikaanza jioni, na mjadala wa kuisogeza mechi hadi jioni hauishi kule Melbourne. Angalia tangazo la mwaka husika.

Walioko Australia huiona bure kupitia Channel 7. Nje ya nchi hiyo, kuna huduma rasmi ya kulipia mtandaoni inayoitwa WatchAFL. Jiunge siku moja kabla, uijaribu kwenye simu au televisheni utakayotumia, kwa sababu asubuhi ya fainali si wakati wa kuhangaika na nywila. Hesabu pia bando: ukijumlisha robo nne na mapumziko yake, mechi hukaribia saa tatu. Kama mtandao ni wa kusuasua, shusha ubora wa picha mapema. Mpira huu unapigwa mbali sana, na picha inayoganda itakunyima kila kitu.

Ukipenda shamrashamra, fungua saa nzima kabla. Huwa kuna mwanamuziki mkubwa uwanjani: 2022 alikuwa Robbie Williams, 2025 Snoop Dogg. Mimi huwa nachelewesha chai hadi hapo.

Hatua ya 2: Chukua upande

Mechi isiyo na timu yako ni ndefu mno, kwa hiyo jitafutie timu hata kama ni ya asubuhi moja.

Ukiikuta Collingwood fainali, jua kwamba nusu ya Australia inaiombea mabaya. Collingwood na Carlton ni kama Simba na Yanga wa Melbourne. Zote mbili, pamoja na Essendon, zimetwaa ubingwa mara 16, na hakuna klabu iliyotwaa mara nyingi zaidi. Kama huna sababu nyingine, kuishangilia timu inayokutana na Collingwood kutakupatia marafiki wengi kwa haraka.

Njia nyingine ni kuangalia nani ana njaa. Klabu za huko hukaa miaka mingi mno bila kombe, na kiu ikikatwa, wazee hulia hadharani. Sydney walikata ukame wa miaka 72 mwaka 2005. Western Bulldogs walikaa miaka 62 wakashinda 2016, tena wakitokea nafasi ya saba kwenye msimamo. Melbourne walisubiri tangu 1964 hadi 2021. St Kilda wana ubingwa mmoja tu, wa 1966, na bado wanasubiri. St Kilda ikifika fainali, huna haja ya kufikiri: wewe ni St Kilda.

Na kama unatafuta uhusiano wa karibu na kwetu, upo. Beki wa Port Adelaide, Aliir Aliir, alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini, na mwaka 2021 aliteuliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Mtazame anavyosoma mpira ungali angani, halafu uwaambie rafiki zako kwamba mtu huyo ametokea Kakuma.

Hatua ya 3: Jua kila timu imefikaje

Hili ni la haraka. Klabu 18 hucheza msimu wa kawaida, kisha za juu huingia mtoano unaofanyika Septemba. Hadi 2025 zilikuwa nane; kuanzia 2026 timu ya saba hadi ya kumi zinachuana kwanza kuwania nafasi mbili za mwisho. Nne za juu zina upendeleo: zikipoteza mechi ya kwanza ya mtoano bado zina nafasi ya pili, na zikishinda hupumzika wiki moja. Kuanzia ya tano kushuka chini, ukifungwa umetoka.

Kwa hiyo kabla ya fainali uliza mambo mawili: nani amepumzika, na nani amepitia tundu la sindano? Halafu usiamini sana jibu. Mwaka 2024 Brisbane ilimaliza ya tano. Kwenye mechi ya pili ya mtoano ilikuwa nyuma kwa pointi 44 dhidi ya GWS (Greater Western Sydney) ikashinda kwa 5, ikaitoa Geelong, kisha kwenye fainali ikaichapa Sydney, vinara wa msimu, 120 kwa 60.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma ubao

Hapa tutakaa kidogo.

Kila upande wa uwanja una nguzo nne zilizopangwa mstari mmoja. Mbili za kati ni ndefu, mbili za pembeni ni fupi. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya zile ndefu bila kuguswa na mtu wala nguzo ni goli, nalo lina pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi ni pointi 1. Pia ni pointi 1 ukigonga nguzo ndefu, ukiguswa njiani, ukipitishwa kwa mkono, au beki akiusukuma mwenyewe ndani ili kuokoa jahazi. Watangazaji huiita pointi hiyo bihaindi. Mimi nitaiita pointi ya pembeni.

Mwamuzi wa goli, aliyesimama katikati ya nguzo, anakuambia yote. Vidole viwili na bendera mbili ni goli. Kidole kimoja na bendera moja ni pointi ya pembeni. Penye utata wanakwenda kwenye video, na wana sababu: kwenye fainali ya 2009 mkwaju wa Tom Hawkins wa Geelong ulitikisa nguzo, goli likahesabiwa, na St Kilda wakafungwa kwa pointi 12. Mashabiki wa St Kilda bado hawajasamehe.

Sasa ubao. Matokeo huandikwa hivi: 12.18 (90). Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi za pembeni, na ya kwenye mabano ni jumla. Magoli 12 mara 6 ni 72, ongeza 18, unapata 90. Usiisome kama desimali, na usitazame jumla peke yake.

Nimeuchagua mfano huo makusudi. Ni matokeo ya Collingwood kwenye fainali ya 2023, na wapinzani wao Brisbane walikuwa na 13.8 (86). Tazama tena. Brisbane walifunga magoli mengi zaidi, 13 kwa 12, na wakafungwa mechi. Collingwood walikosa mara 18, na kukosa huko ndiko kulikowapa kombe kwa tofauti ya pointi 4.

Huo haukuwa muujiza wa mara moja. Mwaka 1966 St Kilda ilipata 10.14 (74) na Collingwood 10.13 (73): magoli sawa, na ubingwa pekee wa St Kilda ukaja kwa pointi ya pembeni ya Barry Breen. Mwaka 1989 Hawthorn na Geelong walifunga magoli 21 kila mmoja, Hawthorn wakashinda 144 kwa 138. Mwaka 2006 West Coast na Sydney magoli 12 kwa 12, West Coast wakashinda kwa pointi 1. Mwaka 2018 West Coast na Collingwood magoli 11 kwa 11, West Coast tena, 79 kwa 74. Fainali nne ambazo magoli hayakuweza kuamua chochote.

Kwa hiyo mtangazaji akisema kwa huzuni kwamba mpira umekwenda pembeni, wewe usihuzunike moja kwa moja. Zile pointi moja moja zinajumlika, na zinakuambia nani anakaa upande wa mwenzake. Timu yenye 3.7 dhidi ya 4.1 imekaribia lango mara 10 dhidi ya 5. Kwenye jumla wamelingana, 25 kwa 25, lakini hiyo yenye 3.7 ndiyo inayoutawala uwanja.

Ila kuna upande wa pili, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mwaka 2008 Geelong ilipata 11.23 (89), Hawthorn 18.7 (115). Geelong ilifika langoni mara 34, Hawthorn mara 25, na Hawthorn wakabeba. Sehemu ya zile 23 zilitokana na mabeki wa Hawthorn wenyewe, ambao mara 11 waliusukumia mpira nyuma ya mstari wao kwa makusudi, wakatoa pointi 1 ili kujinusuru na 6. Ulikuwa ujanja halali siku ile. Mwaka uliofuata ligi ikabadilisha sheria: beki asiyebanwa akifanya hivyo, mpinzani anapewa mkwaju wa adhabu mbele ya lango.

Kanuni yangu ni hii. Pointi za pembeni zikiwa nyingi katika robo ya kwanza na ya pili, timu hiyo inatawala na magoli yatakuja. Zikiendelea kuwa nyingi hadi mwisho wa robo ya tatu, timu hiyo imeshikwa na woga, na mpinzani wake analijua hilo.

Hatua ya 5: Sheria tano, basi

Kitabu cha sheria ni kinene. Kwa asubuhi moja zinakutosha hizi.

Maki: mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala kuguswa na mtu, mchezo unasimama kwa ajili yake. Anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo maana wanarukiana: anayepanda mabega ya mwenzake na kudaka anajipatia mkwaju huru, na uwanja mzima unasimama kupiga makofi. Maki ya Alex Jesaulenko wa Carlton kwenye fainali ya 1970 bado inaonyeshwa hadi leo.

Pasi ya mkono hutolewa kwa ngumi: mpira unakaa kwenye kiganja kimoja, mkono wa pili unaugonga. Kuurusha kama mpira wa kikapu ni kosa.

Anayekimbia na mpira lazima audundishe au auguse chini kila mita 15.

Mwenye mpira anaweza kukamatwa, chini ya mabega na juu ya magoti. Akiwa alishapata nafasi ya kuutoa na hakuutoa sawasawa, anapoteza. Hapo ndipo utakaposikia watu laki moja wakinguruma kwa pamoja wakimdai mwamuzi adhabu, hata pale ambapo hakuna kosa lolote. Hiyo kelele ni sehemu ya mchezo, na ukiwa sebuleni kwako una ruhusa ya kuipiga.

Na hakuna kuotea. Mchezaji anaweza kusimama popote, isipokuwa mpira unapoanzishwa katikati: wakati huo kila timu lazima iwe na watu sita mbele, sita kati na sita nyuma.

Hatua ya 6: Acha kuukodolea macho mpira

Mazoea ya soka yanatufundisha kufuata mpira. Hapa yatakuchosha, kwa kuwa mpira unaruka mita 50 kwa mkwaju mmoja na kamera inahangaika nao. Uwanja wa MCG una urefu wa takriban mita 160 na upana wa takriban mita 140. Kinachoamua mechi mara nyingi kiko pale ambapo mpira bado haujafika.

Anzia katikati. Mwanzo wa kila robo na baada ya kila goli, mpira huanzishwa ndani ya mraba wa katikati. Kwa zaidi ya karne moja mwamuzi aliudunda chini kwa nguvu ukaruka juu. Kuanzia msimu wa 2026 anaurusha juu kwa mkono. Wachezaji wawili warefu wanaruka kuupangusia kwa viungo wao. Usimtazame anayeshinda kuruka. Mtazame anayeondoka na mpira mkononi. Timu ikishinda mchuano huo mara tatu mfululizo, inaweza kufunga magoli matatu kabla mpinzani hajaugusa mpira, yaani pointi 18 ndani ya dakika tano au sita. Hii ndiyo sababu uongozi wa pointi 20 kwenye mchezo huu si mali ya kulalia.

Kisha tazama mstari uliopinda, mita 50 kutoka langoni. Runinga huonyesha hesabu ya mara ambazo kila timu imeuingiza mpira ndani ya mstari huo. Takwimu hiyo peke yake haina maana. Ilinganishe na ubao. Timu iliyoingia mara 20 na kupata 2.4 inapiga mipira mirefu ya kubahatisha, na mabeki wa upande wa pili wanaidaka kama maembe yaliyoiva. Utawaona mabeki hao wamejipanga wawili watatu wakisubiri. Hapo kocha asipobadilisha kitu, wamekwisha.

Mwisho, tazama umbo la mpira wenyewe. Haudundi kwa kutabirika. Fainali ya 2010 kati ya Collingwood na St Kilda, zikiwa zimebaki dakika chache, Lenny Hayes wa St Kilda alipiga mpira kuelekea lango lililokuwa wazi huku Stephen Milne akiukimbilia. Ulidunda ukakata kona, ukamkwepa Milne na kupita pembeni kwa pointi 1. Mechi ikaisha 68 kwa 68. Siku zile sare ilimaanisha kurudia wiki inayofuata, na Collingwood wakashinda marudiano 108 kwa 52. Ungedunda kuelekea upande mwingine, St Kilda wangekuwa na makombe mawili.

Hatua ya 7: Robo kwa robo

Kila robo ni dakika 20 za mchezo, lakini saa inasimamishwa mara kwa mara, hivyo huchukua kama dakika 30.

Robo ya kwanza ina hasira nyingi na maana ndogo. Mwaka 1989 Dermott Brereton wa Hawthorn alivamiwa sekunde za mwanzo kabisa, akatapika uwanjani kwa maumivu, akakataa kutoka na akafunga magoli. Mwaka 2018 Collingwood walifunga magoli matano ya kwanza, na tayari unajua nani alishinda. Tumia robo hii kujifunza sura na namba za jezi.

Robo ya pili angalia nani anapumua kwa mdomo. Wachezaji hukimbia kilomita nyingi kwenye mechi moja, na mwishoni mwa Septemba Melbourne inaweza kukupa mvua ya baridi au, kama 2023, joto la kiangazi.

Mapumziko ya nusu ni marefu. Nenda kapike mayai.

Robo ya tatu ndiyo ninayokusihi usiikose hata kama mtoto analia. Fainali nyingi zimevunjikia hapo. Mfano mkubwa ni 1970, mbele ya watu 121,696, idadi ambayo haijafikiwa tena. Carlton ilikuwa nyuma kwa pointi 44 wakati wa mapumziko. Kocha Ron Barassi akawaagiza vijana wake wacheze kwa pasi za ngumi na mbio badala ya mipira mirefu, akamwingiza Ted Hopkins kutoka benchi, na Hopkins akafunga magoli manne. Carlton ikashinda kwa 10. Kwa hiyo mwanzoni mwa robo ya tatu jiulize: kuna timu iliyobadilisha namna ya kutoka na mpira nyuma? Kama ipo, mechi ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya 8: Dakika za lala salama

Piga hesabu mapema. Tofauti ya pointi 6 au chini ni mkwaju mmoja. Pointi 7 hadi 12 ni mikwaju miwili, na hapo ndipo pointi ya pembeni inapogeuka dhahabu: timu iliyo mbele kwa 6 ikipata 1 tu, goli moja halimtoshi tena mpinzani hata kwa sare. Utaona mchezaji anapiga kutoka pembe ngumu akakosa kidogo, na wenzake wanamkumbatia. Hawajachanganyikiwa.

Timu iliyo mbele itapoteza muda kwa kupigiana pasi fupi za maki nyuma, maana kila maki inampa mdakaji sekunde kadhaa za bure. Timu iliyo nyuma itamkaba mtu mmoja mmoja na kuomba makosa.

Dakika za mwisho za 2023 zilikuwa na kila kitu. Brisbane walitangulia, Jordan De Goey akairudisha Collingwood mbele, Steele Sidebottom akaongeza kwa mkwaju wa mbali, Joe Daniher akaipunguzia Brisbane hadi pointi 4, kisha dakika moja na ushee ya kupigania kila mpira uliolala chini. Na 2018, Dom Sheed wa West Coast alidaka maki karibu kabisa na mstari wa pembeni, kwenye pembe ambayo hata mazoezini watu hukosa, timu yake ikiwa nyuma. Akapiga, ukapita katikati.

Kumbuka sheria moja ya ziada: king'ora kikilia wakati mchezaji ana maki mkononi au amepewa adhabu, anaruhusiwa kupiga mkwaju wake. Kwa hiyo king'ora si lazima kiwe mwisho. Zikitoka sare siku hizi hakuna kurudia wiki ijayo; tangu 2016 sheria ni muda wa nyongeza wa vipindi vifupi palepale.

Hatua ya 9: Baada ya king'ora

Usizime bado. Mchezaji bora wa fainali hupewa Medali ya Norm Smith, iliyoanza 1979, na si lazima atoke kwa washindi: Gary Ablett mkubwa aliipata 1989 baada ya kufunga magoli tisa katika timu iliyofungwa. Mwaka 2023 ilikwenda kwa Bobby Hill wa Collingwood, 2024 na 2025 kwa Will Ashcroft wa Brisbane. Kisha kila mchezaji bingwa anavishwa medali yake, nahodha na kocha wanainua kombe pamoja, na timu nzima inaimba wimbo wa klabu ikiwa imekumbatiana. Walioshindwa hubaki wamekaa kwenye nyasi wakiyatazama yote hayo. Ni adhabu ya kikatili, sijui kwa nini hawaruhusiwi kuondoka.

Kama unaishi Melbourne

Wako Waswahili wengi sasa Melbourne, kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na wengi wameiona fainali kwenye runinga tu wakati uwanja uko vituo vichache vya treni kutoka nyumbani. Tiketi ni ngumu kweli. Nyingi huenda kwa wanachama wa klabu mbili zilizofika fainali na wanachama wa uwanja na wa ligi, na hata wao hupigiwa kura ya bahati nasibu. Ukitaka nafasi, jiunge uanachama wa klabu mwanzoni mwa msimu, na usome vizuri daraja lipi linakupa haki ya kuingia kwenye kura ya fainali. Madaraja ya bei ndogo mara nyingi hayaruhusu. Usinunue tiketi kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni.

Bila tiketi bado kuna mengi. Ijumaa ya kabla ya fainali ni sikukuu ya umma katika jimbo la Victoria tangu 2015, na wachezaji wa timu zote mbili hupita kwenye gwaride. Ni bure, watoto hupata saini za nyota, na hakuna anayekuuliza unashangilia nani. Ukienda uwanjani, shukia Richmond au Jolimont. Vaa jezi au skafu ya timu yoyote ile. Mtu asiye na rangi siku hiyo ndiye anayeonekana mgeni.

Ukipitwa

WatchAFL huweka marudio ya mechi nzima. Zima WhatsApp kabla ya kuyafungua, hasa kama una ndugu Australia. Kama una saa moja tu, anza robo ya tatu moja kwa moja. Na ukitaka kufanya mazoezi kabla ya Septemba, tafuta 2023 kwa ajili ya kujifunza ubao na 2018 kwa ajili ya dakika za mwisho. Ya 2007 iache, Geelong iliifunga Port Adelaide kwa tofauti ya pointi 119, ambayo ndiyo rekodi, na hakuna cha kujifunza humo isipokuwa kama wewe ni shabiki wa Geelong.